"Mama, ulisaini?" Barua ya wazi kwa Mawaziri wa Elimu, Afya na TAMISEMI

Waheshimiwa Mawaziri,

Naandika kutoka Morogoro. Mtaa sitautaja, wala shule, maana mwanangu bado anasoma pale na mwakani ana mtihani wa taifa. Mimi ni mama wa watoto watatu. Nashona nguo, cherehani yangu iko barazani, na wanafunzi wakipita kurudi nyumbani huwa nasikia habari za shule kabla hazijafika kwenye kikao cha wazazi.

Hii ya kwangu sikuisikia barazani. Ilikuwa Julai, wiki mbili baada ya shule kufunguliwa, nikiwa nakanda unga wa chapati. Binti yangu wa kidato cha tatu akasimama mlangoni, akaniangalia kwa muda, kisha akauliza: "Mama, kwani ulisaini?"

Nisaini nini?

"Ile ya kupimwa."

Akanieleza. Siku ya kwanza baada ya likizo, wavulana waliruhusiwa kuingia madarasani, wasichana wa kidato cha pili hadi cha nne wakabakizwa mstarini. Kila mmoja akapewa kikopo cha plastiki, akasindikizwa chooni na mwalimu wa zamu, akarudi amekishika mkononi huku wenzake wakitazama. Mezani alikaa dada mmoja aliyeletwa kutoka duka la dawa, na boksi lake la vipimo vya mimba. Msichana aliyekuwa kwenye siku zake alitakiwa aseme, na alisema akiwa kwenye foleni. Majina yaliitwa kwa sauti na majibu yakasomwa hivyohivyo. La mwanangu lilikuwa neno moja: hana.

Jibu lenyewe halikuniumiza. Iliyoniumiza ni kwamba wiki mbili nzima mtoto huyu amekaa mezani kwangu akiamini kuwa mimi ndiye niliyemtoa. Alidhani shule haiwezi kufanya jambo kama hilo bila mama yake kukubali. Alituamini sote kupita kiasi.

Nilikwenda shuleni. Mkuu wa shule alinipokea vizuri, na sina ugomvi naye. Mtu aliyepewa watoto zaidi ya elfu moja na vyoo kumi namwonea huruma kabla sijamlaumu. Akaniambia, "Mama, hili tunalifanya kwa ajili yenu wazazi." Nikamwuliza iko wapi ridhaa yangu. Akafungua jalada la mwanangu, akatoa fomu ya kujiunga kidato cha kwanza, ukurasa wa nne. Mzazi anakubali mwanafunzi apimwe afya wakati wowote itakapohitajika. Chini yake kuna sahihi yangu, ya miaka miwili na nusu iliyopita. Niliitia siku moja na orodha ya ufagio wa chelewa, ndoo, rimu ya karatasi na jembe lenye mpini.

Ndani ya jalada hilohilo palikuwa na karatasi nyingine ninayoifahamu. Ilikuwa ya ziara ya Mikumi, mwezi Machi. Imeandikwa saa ya kuondoka, saa ya kurudi, jina la mwalimu msimamizi, namba yake ya simu, mchango wa kila mwanafunzi, na kwa herufi kubwa: bila sahihi ya mzazi mwanafunzi hatapanda basi. Kwenda kutazama twiga kupitia dirishani, nimeulizwa. Kuchukuliwa mkojo na kutangazwa mbele ya foleni, sikuulizwa.

Waheshimiwa, hata kiboko kina utaratibu wake. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike akiwapo, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari. Kama kanuni hizo zinafuatwa ni habari nyingine, na kwa ninayoyasikia hapa barazani ningeandika barua ya pili. Lakini zipo, na mzazi akienda kulalamika ana pa kushika. Nilipoomba kuona utaratibu wa kupima mimba, nilionyeshwa ukurasa wa nne wa fomu.

Sikusoma sheria chuoni. Nimesoma ile inayonihusu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na nimeirudia mara kadhaa. Kifungu cha 8 kinanipa mimi mzazi wajibu wa kumtunza mtoto, na kati ya ninayopaswa kumpatia wametaja matibabu, chanjo ikiwemo. Kifungu cha 11 kinasema mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni asinyimwe haki ya kuyatoa, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Mkiviweka vifungu hivyo pamoja mnapata watu wawili wa kuulizwa: mimi, na yeye. Siku ile ya vikopo hatukuulizwa hata mmoja. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kufanya kazi, habari za afya ya mtu ni taarifa nyeti kisheria. Sijui neno "hana" lililosomwa kwa sauti uwanjani linaingia kwenye fungu gani la taarifa nyeti. Sijui pia karatasi yenye yale majina yote iliishia wapi. Nilipouliza, nilijibiwa kuwa itatafutwa.

Kuna jambo kubwa zaidi, ambalo nyinyi mnalijua kuliko mimi. Mwaka 2019 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, pamoja na shirika jingine la wanasheria kutoka nje, walipeleka malalamiko dhidi ya nchi yetu kwa Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto. Walizungumzia mambo mawili: wasichana kupimwa mimba kwa lazima na kufukuzwa shule wakikutwa nayo. Novemba 2021 Serikali yenyewe iliondoa zuio la wasichana waliojifungua kurudi shule, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukatoka. Niliushangilia, jirani yangu ana binti aliyerudi kwa waraka ule. Mwaka 2022 Kamati ikatoa uamuzi kwamba kupima kwa lazima kunavunja haki za mtoto, na ikaitaka Tanzania ikukataze mara moja. Ule mlango wa kurudi mmeufungua kwa waraka wenye namba na tarehe. Huu wa kupima unangoja nini? Mkuu wa shule yetu, mtu msomi, hakuwa amewahi kusikia habari za uamuzi huo. Nilimwambia mimi, fundi cherehani.

Mkataba wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Kamati ile inausimamia, tuliuridhia mwaka 2003. Ibara yake ya 10 inamlinda mtoto asiingiliwe faragha yake, na palepale inawapa wazazi na walezi haki ya kusimamia mienendo ya watoto wao kwa kiasi. Wametajwa wazazi na walezi. Dada wa duka la dawa hakutajwa.

Na sitaacha kusema lililo midomoni mwa kila mama niliyeongea naye: wavulana waliingia darasani kuendelea na hesabu. Tuna sheria ya miaka 30 jela kwa anayempa mwanafunzi mimba, na bado anayesimamishwa juani na kikopo ni yule ambaye sheria inasema imekuja kumlinda. Kipimo hiki hakizuii mimba hata moja. Kinachofanya ni kumfundisha msichana kuchelewa kurudi shule baada ya likizo, au kutorudi kabisa, akiwa na wasiwasi tu. Wawili wa darasa la mwanangu walifika wiki moja baadaye. Waliposikia vikopo vimeondoka.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu barua kama hii ni rahisi kusomwa vibaya. Mimi si mpinga chanjo. Kadi za kliniki za wanangu wote zimejaa, na binti huyuhuyu alichanjwa shuleni kinga ya saratani ya mlango wa kizazi. Nilifurahi alipochanjwa, shangazi yangu alifia Dar es Salaam baada ya safari nyingi za hospitali ya saratani ya Ocean Road, kwa ugonjwa huohuo. Lakini hata ile chanjo njema niliijua jioni, mtoto alipovua shati na nikaona pamba begani. Jambo jema lililofanywa kwa mtindo uleule wa jambo baya linamfanya mzazi ashindwe kutofautisha, na hapo ndipo serikali inapojipotezea.

Sisi wa Morogoro tunaijua hasara hiyo. Mwaka 2008 vidonge vya kingatiba ya kichocho na minyoo, yaani dawa anazopewa kila mtoto bila kupimwa kwanza, viligawiwa shuleni. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa darasa la tano. Dawa ya kichocho ni vidonge vikubwa, vichungu, na mtoto akivinywa bila kula humshika kichefuchefu na kizunguzungu. Ni madhara ya kupita, ambayo mganga yeyote angetueleza kwa dakika mbili. Hatukuelezwa. Watoto wakaanza kutapika na kulala chini, mmoja akasema wanakufa, mwingine akasema ni dawa za kuwafunga uzazi, na wazazi wakavamia shule. Mama yangu alikimbia na kanga moja. Polisi waliitwa, zoezi likasimamishwa. Wapo waliotuita wajinga. Mimi nakumbuka tu kwamba mama alimbeba mdogo wangu mgongoni, mtoto wa darasa la tano, kutoka shuleni mpaka nyumbani, na kwamba kabla ya siku ile hakuna mtu aliyemwambia kutakuwa na vidonge. Miaka mingi baadaye, zoezi likitangazwa, mtaani kwetu kuna watoto ambao siku hiyo "wanaumwa".

Linganisheni na Mwanza. Mwaka 2017 ulianza utafiti pale wa kuona kama dozi moja ya chanjo ya mlango wa kizazi inatosha badala ya mbili au tatu. Wasichana 930, umri wa miaka 9 hadi 14. Kwa kila msichana mzazi au mlezi alielezwa, akatoa ridhaa kwa maandishi, na msichana mwenyewe akaulizwa kama anakubali. Majibu yao ni sehemu ya ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani kukubali dozi moja mwaka 2022, na sisi tukaingia kwenye dozi moja mwaka 2024. Kwa hiyo msiniambie kwamba wazazi wa Kitanzania hawaelewi wakielezwa, au kwamba fomu inaua zoezi. Familia 930 zilielewa jambo gumu kuliko chanjo ya kawaida, na dunia imefaidika. Wakati wa utafiti tuliheshimiwa. Kwenye chanjo ya kawaida ya wasichana wote, sisi ni watu wa kuona pamba jioni.

Najua wataalamu wana jina la mtindo huu: ridhaa ya kimyakimya. Tangazo linatolewa redioni, gari la matangazo linapita, na mtoto akionekana shuleni siku ile basi mzazi amekubali. Sikatai kwamba inaweza kufaa mahali pengine. Lakini kwetu mahudhurio ni lazima. Mtoto asipofika, mzazi anaitwa kwa mtendaji. Mnawezaje kusema nimekubali sindano kwa kumtuma mtoto mahali ambapo nisipomtuma nakamatwa?

Kuna upande mwingine, nao nitausema hata kama wazazi wenzangu watanuna. Haki ya mzazi si hati ya kiwanja. Mwaka 2019 Bunge lilishusha umri wa kupima Virusi vya UKIMWI bila ridhaa ya mzazi, kutoka miaka 18 hadi 15. Kanisani kwetu palikuwa na makelele. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono, kwa sababu nashona sare za watoto na wakati wa kuchukua vipimo huwa naona alama mikononi na mgongoni. Wapo watoto ambao hatari yao iko nyumbani. Mtoto wa aina hiyo akipata ujasiri wa kwenda kituo cha afya peke yake, asiambiwe arudi na mama. Vilevile mtoto akianguka mchezoni akavunjika, au malaria ikampanda kichwani darasani, mkimbizeni hospitali kisha mnipigie simu njiani. Na mzazi anayekataza mwanawe kuongezewa damu huku mtoto anakata roho, daktari asimngoje. Sheria yenyewe inaweka maslahi ya mtoto mbele.

Lakini angalieni tofauti. Yule wa miaka 15 anayekwenda kupima amekwenda kwa miguu yake, anapewa ushauri, na majibu ni yake. Wangu alipangwa mstarini. Anayetumia umri wa miaka 15 kuhalalisha vikopo ameisoma sheria ile kichwa chini miguu juu.

Mkuu wa shule aliniambia jambo ambalo nimelifikiria sana. Alisema, "Mama, nikituma fomu mia nane, zitarudi mia tatu, na kati ya hizo hamsini zitakuwa zimesainiwa na watoto wenyewe." Ni kweli. Hata mimi darasa la saba nilikuwa naiga sahihi ya baba vizuri kuliko baba. Ila fomu za mchango wa mlinzi hurudi zote, kwa sababu shule inafuatilia. Kila darasa lina kundi la WhatsApp ambamo tunakumbushwa ada usiku wa saa nne. Asiye na simu ana mwenyekiti wa mtaa na balozi wake wa nyumba kumi, wanaotufikia bila shida siku za kampeni. Na wale watakaosema hapana, wacha waseme, kisha mganga wa kituo aje awajibu kwenye kikao kwa Kiswahili cha nyumbani. Mzazi asipojibiwa na mganga atajibiwa na sauti iliyorekodiwa isiyo na mwenyewe, inayozunguka kwenye simu tangu siku za Korona.

Ninaloliomba halihitaji bajeti. Toeni waraka mmoja, wenye sahihi zenu tatu ili asipatikane wa kusema hili si la wizara yake. Useme waziwazi kwamba kupima mimba shuleni kwa mkumbo ni marufuku, na kwamba mwenye sababu ya kupimwa apimwe kituoni na mhudumu wa afya, kwa kukubali kwake mwenyewe, majibu akabidhiwe yeye. Useme kwamba ile sentensi ya "wakati wowote itakapohitajika" ifutwe kwenye fomu za kujiunga, kwa sababu ridhaa ya jambo ambalo halijatajwa si ridhaa. Kwa chanjo na kingatiba, karatasi ifike nyumbani angalau wiki moja kabla: ni dawa gani, ya nini, itamfanyaje mtoto siku hiyo, ale nini kwanza, nani wa kupigiwa usiku akizidiwa. Pawe na nafasi ya kuandika ndiyo, hapana, na nina swali. Mtoto ambaye mzazi wake ameandika hapana asisimamishwe mbele ya wenzake wala kurudishwa nyumbani. Na mtoto mkubwa aulizwe naye. Wangu ana miaka 16, anajua kukokotoa mlinganyo wa kipeo cha pili. Anaweza kuelewa sindano.

Kama waraka wa namna hiyo upo tayari na umekwama mahali kwenye makabati ya halmashauri, basi utafuteni. Naweza kuja kusaidia kuupekua.

Binti yangu hakutaka niandike barua hii. Tulikubaliana nimsomee kwanza, nami nimemsomea, akafuta mistari miwili ambayo mimi niliipenda. Iliyobaki ameiridhia.

Mdogo wake anatimiza miaka 9 mwezi Machi. Chanjo ya mlango wa kizazi itamfikia huko shuleni, na jibu langu ni ndiyo. Yeye mwenyewe nimeshamweleza ni ya nini, ameniuliza kama inauma, nimemwambia inauma kidogo. Kalamu iko juu ya cherehani. Karatasi ndiyo tunayoingoja.

Wenu,
Mama wa watoto watatu, Morogoro